Kisu cha Mama Kilichokaangwa na Mikate

Mtu akinikuta ninacheka peke yangu mbele ya kikaango, asidhani nimechanganyikiwa. Ninakumbuka kisu. Mimi ni mwanamke wa Kindu, ninakaanga mikate ya ndizi kila asubuhi tangu usichana wangu, na mume wangu ni mhunzi. Nikisema ndoa yetu ilipikwa ndani ya mafuta ya mawese, sisemi kwa mafumbo. Ilipikwa kweli, asubuhi nzima, mikate ikielea juu yake, na watu wa mtaa wakala na kusifu.

Kisu kilikuwa cha mama. Wakati wa vita mama alikuwa anauza fumbwa sokoni, yale majani magumu ya porini ambayo lazima yakatwe membamba kama uzi, la sivyo utayachemsha mpaka jioni na bado yatakutafuna wewe. Mama aliyakunja majani yakawa fungu moja nene, kisu kikapita tsa tsa tsa, na chini kukaota kilima cha kijani. Wateja walimfuata kwa ajili ya ule wembamba. Wanawake wenzake walikuwa na fumbwa hiyo hiyo, ya barabara hiyo hiyo ya Kalima, lakini wao walikata vipande vya kufunikia chungu. Hayo ni maneno ya mama, mimi simo.

Kisu chenyewe kilikuwa cha inox, kile chuma cheupe kisichoshika kutu. Marehemu baba, aliyekuwa mpishi kwenye treni, alikileta kutoka kusini katika safari moja ya zamani, akampa mama bila kusema neno, kwa sababu baba hakuwa mtu wa maneno. Akafa. Halafu vita ikaja, treni ikaacha kuja, na mjini hapakuwa tena na kisu kama kile. Chumvi ililetwa na ndege, sabuni ililetwa na ndege, visu havikuletwa na chochote. Mama alikipenda kisu kile kuliko alivyonipenda mimi. Nilimwambia hivyo mara nyingi, naye hakukana hata siku moja.

Watu wengine walikwenda kwa wahunzi, na wahunzi walikwenda kwa malori. Malori yalikuwepo, yamelala kando ya barabara, majani yanatokea madirishani. Wahunzi waliyafungua resori, yale mabamba yanayobeba mgongo wa lori, wakayafua yakawa visu na majembe. Nani atakitukana chuma cha resori? Kinashika makali vizuri sana. Lakini ukikiacha na maji usiku mmoja wa mvua, asubuhi kimevaa koti jekundu. Na ukikatia fumbwa, majani yanakuwa meusi pembeni na mboga inanuka msumari. Kwa hiyo mama alikuwa na inox yake, na mtaa mzima ulijua.

Mtaani kwetu alikuwepo mhunzi mzee, na pamoja naye mpwa wake, kijana mwenye mikono mikubwa na aibu nyingi. Huyu kijana alinunua mikate yangu kila asubuhi, mingi kuliko tumbo la mtu mmoja. Baadaye nilikuja kujua kwamba mingine alikuwa anawapa mbuzi. Watu wake walikwisha kuja kubisha hodi nyumbani, mama alikwisha kukubali kuwapokea, na zilibaki wiki mbili waje na mbuzi na vitenge vya mahari. Mimi nilikuwa natembea kama mtu aliyesahau kwamba kuna vita. Ndipo mpini wa kisu ukaoza.

Mama alinikabidhi kisu kimefungwa ndani ya kitambaa. "Peleka kwa ule kijana wako. Aweke mpini tu. Chuma asichezee."

Nieleze kwanza. Kwa wahunzi wetu mpini haupigwi misumari. Kisu kina mkia, mkia unatiwa motoni mpaka uwe mwekundu, halafu unasukumwa ndani ya mti. Unajichomea njia wenyewe, moshi unatoka, na ukishapoa hata ng'ombe hawezi kuung'oa. Wakati huo bamba la kisu linafungwa kitambaa kibichi, lisipate moto. Ni kazi ya kila siku, mhunzi anaweza kuifanya huku anapiga soga.

Na soga ndiyo ilituponza. Ilikuwa Ijumaa mchana, mjomba wake amekwenda msikitini pamoja na mtu anayevuta mivukuto ya kupulizia moto. Mpwa alikuwa mtu wa misa, kwa upande wa baba yake, basi alibaki peke yake, na hawezi kushika koleo na kuvuta mivukuto kwa pamoja. Nikasema nitavuta mimi. Akakataa. Kule kwa mjomba wake kulikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: mkono wa mwanamke haugusi mivukuto, ukigusa chuma kinakataa.

"Unaogopa mjomba ao unaogopa mimi?" nikamuuliza.

Akatazama mlangoni. Akanisogezea kigoda.

Nikavuta. Aliniambia polepole, lakini alikuwa ananieleza mahali tutakapojenga, mlango utazame wapi, kikaango changu kikae wapi, na mimi mkono wangu ulikuwa unafuata moyo. Nilivuta kama mtu anayefukuza nzi. Kitambaa kikakauka, kitambaa kikaungua, na tulipotazama motoni, kisu cha mama kilikuwa chekundu kuanzia mkiani mpaka nchani. Kicheko kikatukauka. Akausukuma mkia ndani ya mti kama inavyotakiwa, kisha bamba akalifukia kwenye majivu ya moto lipoe taratibu, lisipinde. Tulidhani tunafanya uangalifu. Kumbe majivu yale ndiyo yaliyokimaliza, kwa sababu chuma kikipata moto mkubwa na kupozwa kwa kubembelezwa, kinalegea.

Tulikisugua kwa mchanga na ndimu mpaka kikang'aa kuliko zamani. "Usiseme kama wewe njo ulivuta," akaniambia, yaani nisitaje kwamba mimi ndiye niliyevuta. Sikusema. Mama alikipokea, akakigeuza juani, akafurahia mpini.

Kesho yake sokoni, kwenye fungu la tatu, makali yakajikunja. Mama hakunitafuta mimi. Alikwenda moja kwa moja kwa wahunzi, kapu kichwani, mimi ninamkimbilia nyuma. Akakiweka kisu juu ya fuawe, akakikandamiza kwa kidole gumba. Kikapinda, kikabaki hivyo hivyo kimepinda.

"Hii iko nini?" akauliza.

"Mama, iko kisu," kijana akajibu.

"Hapana. Hii iko kijiko ya bapa."

Mjomba wake akaja, akakipima kwa tupa. Tupa ikikwaruza chuma kigumu inateleza, ikikutana na chuma laini inakula. Hii ilikula kana kwamba inakula sabuni. "Ulifanya nini?" akamwuliza mpwa wake.

"Niliacha moto ikapanda. Njo kosa yangu."

"Nani alivuta mivukuto?"

"Mimi mwenyewe."

"Na koleo ulishika na nini? Uko na mikono tatu?"

"Nilivuta na mguu," akasema. Mjomba akauliza tena, na tena, na jibu likabaki mguu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nasema wazi: niliona aibu, na bado nikanyamaza, kwa sababu mjomba angemfukuza kazi siku ile ile.

Mama alikichukua kisu chake. "Wale watu wako wenye kuja na mbuzi, waambie wabaki nazo. Siku kisu yangu itakata fumbwa kama zamani, njo siku watakuja. Kabla ya pale, mutoto wangu haendi popote." Akajitwika kapu lake, akarudi sokoni kuazima kisu cha resori. Jioni wateja wakalalamika kwamba fumbwa ni nyeusi.

Basi harusi yangu ikawa imekaa juu ya kisu laini. Kijana alikiomba akajaribu dawa aliyoijua, ile ya resori. Chuma cha resori unakipasha mpaka kiwe na wekundu wa chikichi bivu, unakitumbukiza kwenye maji, pshaa, kimekuwa kigumu. Aliupasua mpini, akafanya hivyo kwa kisu cha mama. Pshaa ilisikika vizuri sana. Tupa ikala vile vile. Akarudia, ikala. Mjomba wake akamshika mkono. "Kila moto inapunguza chuma. Kisu iko moja tu. Jifunzie kwenye inox ingine."

Inox nyingine ipo wapi, na vita hii? Akafikiria vijiko. Alizunguka akiomba vijiko vilivyovunjika, uma zilizopoteza meno, na watu wakampa kwa huruma, kwa maana habari ya harusi iliyokwama ilikwisha kufika ng'ambo ya mto. Akavipasha, akavizamisha, akavipasha tena. Vikabaki laini kama alivyovichukua. Alikonda. Akija kununua mikate ananunua mmoja, na mbuzi wakakonda naye.

Nyumbani tulikuwa na redio ya baba, imekufa kwa kukosa betri. Mimi nilikwisha kutoa sumaku yake nikampa mchumba wangu aokotee vumbi la chuma sakafuni. Siku moja, kwa uchovu tu, aliiweka karibu na kisu cha mama, kisu kikaruka kikaishika. Akaiweka karibu na vijiko, havikushtuka. Alikaa chini. Kwa hiyo inox si kabila moja. Kuna ile inayopendana na sumaku, ambayo moto unaweza kuifundisha ugumu, na kuna ile ya vijiko, ambayo utaipiga moto mpaka uzeeke na itabaki kijiko. Wiki nzima alikuwa anafundisha vijiko.

Tangu hapo akawa mtu wa kubisha hodi na sumaku inaning'inia kwenye uzi, anaomba kugusa vyombo vya watu. Wakati ule kila mtu alimshuku kila mtu, na huyu anaingia uani, anateremsha uzi kwenye beseni la vyombo, anasikiliza. Bibi mmoja alimfungulia kinywa, akamwomba apime na jino lake. Hatimaye nyumba moja ya karibu na mto walikuwa wanazuia mlango na nusu ya kisu cha jikoni, kimevunjika zamani. Sumaku ikakirukia. Wale watu walimpa, wakazuia mlango na jiwe.

Alikikata vipande vitano, akavipanga motoni kwa mstari, kimoja karibu kabisa na mdomo wa mivukuto, vingine vikifuata kwa mbali. Cha mwisho kilipata wekundu wa chikichi. Cha kwanza kilipita wekundu, kikawa na rangi ya mawese mapya yakipigwa na jua. Vyote akavizamisha kwenye mafuta. Vya mbali tupa ikavila. Cha kwanza, tupa ikateleza na kupiga kelele.

Alikuja mbio mpaka kwenye meza yangu ya mikate, tupa mkono mmoja, kipande mkono mwingine, mbele ya wateja, akavisugua karibu na sikio langu nisikie. Wasichana wengine waliletewa vitenge. Mimi nililetewa ule mlio, na wallahi sijasikia muziki mzuri kuliko ule. Inox inataka moto mkubwa kuliko resori, hiyo tu, na inataka ikae humo kidogo, moto uingie mpaka moyoni. Tulirukaruka pale kama watoto wa mvua. Kipande kikamponyoka, kikaanguka juu ya jiwe, kikavunjika vipande viwili kama sahani.

Tukakitazama. Wateja nao wakakitazama. Mmoja akaomba chenji yake.

Mjomba wake ndiye aliyetuambia kilichobaki. Chuma kikitoka motoni na kuingia mafutani kina hasira. Ni kigumu, lakini hakivumilii pigo. Kisu laini kinajikunja, kisu chenye hasira kinamegeka, na mpishi anataka kile cha katikati. Lazima kitulizwe kwa moto mdogo. Resori yeye anaipitisha juu ya makaa kwa macho tu, na haikosei. Wakajaribu hivyo kwenye kipande kingine cha inox. Upande mmoja ukawa wa bluu na ukalegea, upande wa pili ukabaki kioo. "Moto ya makala iko na upendeleo," mjomba akasema, akatema mate.

Nilikuwa nje ya mlango, mahali pangu palipoamriwa. Nikasema, "Mafuta yangu haina upendeleo."

Wakageuka wote wawili. Nikawaeleza kazi yangu, ambayo hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza. Mkate ukiingia kwenye mafuta unapata rangi moja pande zote, juu, chini, ubavuni. Mafuta yakiwa baridi, mkate unalala chini na kunywa mafuta. Yakitoa moshi, yamepita, mkate unaungua nje na ndani mbichi. Katikati hapo, mkate unazama, unapanda, unaimba. Na mimi ninaweza kuyaweka katikati hapo kuanzia asubuhi mpaka unga uishe, kwa kuvuta ukuni na kusukuma ukuni.

Mchumba wangu akaanza kucheka. Mjomba wake hakucheka. Alikuna ndevu muda mrefu. "Sheria inasema mivukuto," akasema. "Haisemi kikaango."

Tulijaribu kwanza kipande kidogo: moto wa rangi ya mawese, mafuta baridi, kisha asubuhi nzima chini ya mikate yangu. Kikaangushwa juu ya jiwe. Kikalia ting, kikabaki kizima.

Siku ya kisu cha mama, mjomba alivuta mivukuto kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nilikaa nje na kazi moja, kuimba wimbo mmoja wa kanisa kuanzia ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, bila haraka, kuanzia kisu kikipata rangi ya mawese mpaka kitolewe. Ndiyo ilikuwa saa yetu. Mzee wa msikiti anavuta, mimi ninamwimbia misa, na nilipofika ubeti wa mwisho akapaza sauti kwamba rangi imefifia kidogo, nirudie ule wa katikati. Nikarudia. Kikaingia kwenye mafuta. Kilitoka kimepinda kidogo, wakakinyoosha kwa mbao mbili kabla hakijapoa. Tupa ikapiga kelele.

Asubuhi yake niliweka kikaango kikubwa, kisu kimeoshwa kimelala chini, nikamwaga mawese, nikakaanga juu yake. Mama alipita na kapu lake la fumbwa, akasimama. Akatazama kikaango. "Mikate yako leo iko na harufu gani?"

"Ya ndizi, mama."

"Haya," akasema, akaenda zake. Mimi nikasukuma ukuni.

Siku ya kupima, kisu kimetiwa mpini mpya na bamba likalindwa kwa kitambaa kibichi, mama alikaa uani na kuchagua majani yaliyozeeka, yale ambayo hata mbuzi anayafikiria mara mbili. Wahunzi wawili wamesimama, mimi nimeshika nguzo ya jiko. Akakunja. Tsa. Akaendelea. Fungu la tatu likapita, pale kilipojikunja zamani. Fungu la nne, la tano, hakuinua macho mpaka kapu likaisha, na majani yalikuwa ya kijani mpaka pembeni. Kisha akakifuta kisu kwa kitenge chake. "Waambie walete zile mbuzi," akasema. Nilimwaga beseni zima la unga kwa kucheza, na sikujuta.

Siku hizi visu vya inox vimejaa sokoni, vinang'aa mpaka unafumba macho, na vingi ni vijiko vya bapa. Wanawake wanamletea mume wangu. Sumaku ya redio ya baba bado inaning'inia kwenye msumari mlangoni, nayo ndiyo inapima kwanza. Ikikipenda kisu, kuna dawa. Kisha mimi ninaitwa pamoja na kikaango changu. Nimekuwa mtu mkubwa, wateja wananiuliza, "Mama, hii ikae mikate ngapi?"

Mama anaishi kwetu. Macho yamechoka, lakini fumbwa ya nyumba hii hakati mtu mwingine. Kisu kimenolewa miaka yote hii mpaka kimebaki na upana wa kidole, na bado hakijikunji, hakimegeki. Juzi tulikuwa tumekaa uani asubuhi, yeye anakata, mimi ninakaanga, mume wangu anagonga kule kwake. Sijui ni nini kilinishika. Nikasema, "Mama, ile siku ya mpini, mimi njo nilivuta mivukuto."

Hakuacha kukata. "Najua."

"Nani alikuambia?"

"Kitenge yako. Ilikuwa na matundu ya cheche kwenye mapaja. Na muntu havute mivukuto na mguu."

Nilisahau mikate. "Kama ulijua, sababu gani ulituzuilia harusi?"

"Nilitaka kuona kama atakutaja. Mjomba wake alimubana, harusi ikasimama, mutaa muzima ikamucheka na ile sumaku yake. Hakukutaja." Akatafuta makali kwa kidole gumba, akaridhika, akakunja majani mengine.

"Na kama kisu ingekataa, mama? Ile siku ya kupima?"

Akafikiria kidogo, kana kwamba nimemuuliza bei ya chumvi.

"Ningekata na meno," akasema. "Geuza mikate, inaungua."